Kimo cha Binti wa Mama Birika

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa ukuta wa duka la fundi cherehani, mguu mmoja wa mbao, mwingine tofali. Mbele yake kuna jiko la mkaa la Mama Birika, na nyuma ya jiko kuna mlango wa nyumba yake, pazia limeteremshwa. Siku nyingine watu wa hapa hubishana juu ya mambo yasiyowahusu kabisa: bei ya mafuta, ndoa za watu, timu gani imeuza mechi. Asubuhi hii walikuwa wakibishana juu ya mtoto wa mwenye kahawa, tena mwenye kahawa yuko palepale, anawamiminia. Binti yake alikuwa ndani. Leo anashindana kuruka juu, na tangu alipoamka hakuna kitu kilichoingia tumboni kikakaa.

Na mashindano hayo hayakuwa ya kupoteza muda. Wasichana wawili watakaoruka juu kuliko wenzao wangechukuliwa shule ya michezo, wakalale huko, wasome huko, wafundishwe na watu wanaoijua kazi yao. Mwenzake akikosa leo atajaribu mwakani. Binti huyu mwakani umri utakuwa umempita. Mama Birika alilijua hilo vizuri. Kahawa ilimwagika kwenye visahani, kikombe baada ya kikombe, na hakuna aliyethubutu kumtania.

— Shida iko tumboni, alianza Breki. Huyu ni dereva wa lori mstaafu, na jina hilo alijipa mwenyewe, kwa kujisifu kwamba hajawahi kuzikanyaga ghafla. Mtoto anatetemeka kama injini ya asubuhi, akaendelea. Sasa nyinyi mnamlaza kitandani. Injini hailazwi. Mtoeni nje azunguke mtaa mpaka atoe jasho.

— Azunguke mtaa, halafu akaruke na miguu ya nani? akauliza Futi.

Futi ndiye fundi cherehani mwenye ukuta. Utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata akienda msibani.

— Nasema injini, sisemi miguu.

— Na mimi nasema kiuno. Nimeshona nguo za watu wengi, nawajua. Mtu akiogopa, hofu inakaa hapa, kwenye mpira wa bukta. Ukibana sana inapanda kifuani. Nipeni ile bukta yake niilegeze kidogo tu, mtaona.

— Ukilegeza itamvuka hewani, Futi. Utatuletea aibu ya ukoo.

Aliyesema hivyo ni Jenerali, kaka yake Mama Birika, mjomba wa binti. Kazi yake ni kuchora mabango ya maduka, na jeshi hajawahi kulisogelea, lakini hajui kusema jambo lolote bila kuliamuru. Alikuwa amekaa ncha ya benchi, magoti wazi, kikombe juu ya goti moja.

— Sikilizeni. Tumbo, kiuno, hayo ni matawi. Shina ni macho. Mtoto anaiona ile fito mapema mno. Anakaa anaitazama, inazidi kukua. Dawa yake, afungwe kitambaa usoni tangu hapa nyumbani. Afike uwanjani kafungwa. Zamu yake ikifika, fungua, kimbia, ruka. Moyo hautapata nafasi ya kuuliza.

— Atagonga watu njiani, akasema Futi.

— Atashikwa mkono.

— Basi bora aruke nacho kabisa, akasema Breki. Ahesabu hatua tu. Mimi nimeendesha kwenye ukungu nisione hata boneti.

— Na ukaingia mtaroni, akasema Futi.

— Niliingia mtaroni ukungu ulipotoka. Tofautisha.

Mama Birika aligeuka kutazama pazia. Ndani kulikuwa kimya. Alitaka kuwaambia wanyamaze, na hapohapo alitaka waendelee, kwa sababu wakiendelea huenda mmoja wao akasema kitu cha maana. Yeye mwenyewe alikuwa ameishiwa. Alimpa mtoto uji, ukatoka. Alimpa chai kavu, ikatoka. Alimkanda mgongo, binti akasema kwa upole, mama niache kidogo, naye akatoka akaja kukoleza mkaa ambao tayari ulikuwa umekolea.

— Kuna njia nyingine, alisema Futi, sasa amepata moto. Wale wasichana wenzake. Afike awasalimie wote, mmoja mmoja, awashike mikono, awaulize habari za nyumbani. Mtu uliyemuuliza habari za mama yake hawezi kukushinda kirahisi. Anaona haya.

— Hiyo ni hongo, akasema Breki.

— Hongo ya nini? Ni adabu.

— Haya, acheni, Jenerali akaamuru. Mwalimu wake wa michezo anakuja na gari sasa hivi na hatujamaliza jambo lenyewe. Kimo cha kuanzia.

Kwa asiyejua, mambo ya kuruka juu yako hivi: fito inaanza chini, inapandishwa kidogo kidogo, na kila mrukaji anawaambia waamuzi mapema yeye ataanzia kimo gani. Vya chini yake anaviruhusu vipite, anakaa pembeni anawaangalia wenzake wakichoka. Lakini akishaanza, akiiangusha fito mara tatu mfululizo, ametoka. Ukianza chini mno, miguu inaisha mapema. Ukianza juu mno, unaweza kurudi nyumbani huna hata kimo kimoja mbele ya jina lako, kana kwamba hukuja.

— Aanze juu, alisema Jenerali. Wenzake wanahangaika, yeye kakaa, kavaa sweta. Wakimwona wanaanza kujiuliza, huyu ana nini.

— Aanze chini, alisema Breki. Gari linaondoka na gia ya kwanza. Hakuna gari la gia ya nne kutoka gereji.

— Katikati, alisema Futi.

— Katikati ndiyo wapi?

— Kati ya upumbavu wako na wake.

Wakapiga kura, mikono juu, kama kamati. Kila mmoja akajipigia mwenyewe, ikawa sare ya watatu. Basi wakamgeukia Mama Birika, wote kwa pamoja, kwa sauti ambayo ilikuwa karibu kuwa ya heshima.

— Dada, kura yako, alisema Jenerali.

Angeweza kukataa. Lakini usiku kucha alikuwa amelifikiria hilohilo, na jibu lilikuwa limemkaa mdomoni.

— Chini, alisema. Aanze chini kabisa, apate hata kimoja.

— Imepita, akasema Breki, akapiga goti.

Jenerali hakupenda. Alibishana na Breki karibu saa nzima, ndipo akaweka kikombe chini akamgeukia dada yake.

— Unamshusha mtoto, dada. Wewe mama yake ndiye unamshusha.

— Mimi namshusha? Mwezi mzima anaangusha kamba hapo uchochoroni, mbele ya macho yako. Kimo alichokuwa anakivuka huku anacheka, sasa kinamshinda. Kila jioni kinamshinda. Nimwambie aanze juu ili iweje?

— Hakijamshinda.

— Nimeona kwa macho yangu.

— Hujaona kitu. Kimo chake hajakiangusha hata siku moja.

Alilisema kwa hasira, na lilipokwisha kutoka alionekana kama mtu anayetamani kulirudisha. Mama Birika alilisimamisha birika hewani.

— Umejuaje?

Jenerali akajikuna shingo.

— Nakuuliza wewe. Umejuaje?

Hapa lazima ieleweke jinsi mazoezi yalivyokuwa. Kwenye uchochoro wa pembeni ya duka la Futi walikuwa wamefunga kamba, huku msumari, huku mti wa kuanikia nguo, na ng'ambo ya kamba wakatandika magodoro mabovu mawili. Ukutani palikuwa na alama ya chaki ya fundi, ndicho kimo cha binti. Kila jioni yeye mwenyewe alifunga kamba sawasawa na ile alama, akarudi nyuma, akaruka. Alama hiyo aliiamini kama tarehe yake ya kuzaliwa.

— Niliipandisha ile alama, Jenerali alisema. Kidogo. Nilifuta nikachora nyingine juu yake. Ni mbinu, dada, msinitazame hivyo. Anazoea ya juu bila kujua, leo anafika uwanjani anakuta fito iko chini, anashangaa, anapaa. Ilikuwa zawadi.

Futi ndiye aliyeuliza.

— Uliipandisha lini?

— Mwanzoni mwa mwezi.

— Mwanzoni mwa mwezi niliipandisha mimi.

Wakatazamana. Breki alikohoa kikohozi kirefu kisichokuwa na makohozi.

— Mimi, alisema, niliipandisha mara mbili. Nilidhani nyinyi hamna akili ya kufikiria kitu kama hicho.

Sasa Mama Birika aliliweka birika chini, taratibu, kwa sababu asingeliweka taratibu angelirusha. Alikuwa anamkumbuka mtoto wake akiingia ndani kila jioni, akikaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu, akiuliza, mama, mbona miguu yangu imekuwa mizito. Naye akimjibu, ongeza bidii. Akaongeza. Kamba ikaanguka. Akaacha kula usiku kwa kuwa alidhani amenenepa. Kamba ikaanguka. Halafu ndiyo akaanza kutapika asubuhi. Na muda wote huo hawa watu wazima watatu wamekaa hapa, wanakunywa kahawa, kila mmoja anatabasamu na siri yake.

— Nyinyi mmemfanya mtoto wangu ajione mgonjwa, alisema. Mmemnyang'anya miguu yake mwenyewe.

— Dada, nia ilikuwa njema.

— Nyamaza. Sitaki kusikia nia.

Alijifuta mikono kwenye kanga aelekee ndani kumwambia binti, aseme yote, sasa hivi, kabla hajatoka. Hakuwa amepiga hatua mbili gari la shule likasimama pembeni ya barabara, mwalimu wa michezo akashuka, mwanamke mwembamba mwenye filimbi shingoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu wazee wawili. Jenerali aliinua tu mkono.

— Samahani nimechelewa saa nzima. Binti yuko wapi?

— Ndani, wakasema wote wanne.

Mama Birika aliinua pazia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Ndoo ya kutapikia ilikuwa imesafishwa, imefunikwa. Begi halikuwepo, viatu havikuwepo, na mlango wa nyuma unaotokea uani ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Aliita jina la mwanawe mara moja kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ambayo hakuwahi kuijua kuwa anayo.

Alipotoka, mwalimu alikuwa bado amesimama palepale.

— Hayupo, alisema.

— Ametoka saa ngapi?

Hakuna aliyejua. Walikuwa wamekaa hatua chache kutoka kwenye mlango wake tangu alfajiri, wakimzungumza tumbo, kiuno na macho, na hakuna hata mmoja aliyejua kama bado yumo.

— Jana aliniuliza kama mtu anaweza kufuta jina lake siku yenyewe, mwalimu alisema polepole. Nilimwambia anaweza. Sikufikiri.

Jenerali alisimama.

— Breki, pita njia ya sokoni. Futi, zunguka nyuma. Mimi nitakwenda...

— Kaa chini, alisema Mama Birika.

Alikaa. Mama mwenyewe alikuwa ameshika ukuta wa Futi kwa kiganja kizima. Mtoto hana kitu tumboni tangu jana. Barabara ina magari. Mtu aliyekata tamaa hatazami anakokwenda. Mambo hayo yalimjia yote kwa mkupuo, na alipotaka kumwomba Mungu alikosa hata pa kuanzia. Simu ikalia. Namba ngeni.

— Mama, ni mimi.

— Uko wapi wewe?

— Uwanjani. Nimeazima simu ya mlinzi wa getini.

Mama Birika akakaa kwenye benchi, kati ya Futi na Breki, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Mwalimu alifumba macho, akashusha pumzi.

— Umefikaje huko?

— Kwa miguu, njia ya mkato. Niliwasikia mnapiga kura, mama.

— Mwanangu...

— Nikasikia na wewe umepiga. Nikatoka mlango wa nyuma.

Palikuwa na kelele upande wa pili, watu wengi, mtu anajaribu kipaza sauti. Binti akaendelea, na sauti yake ilikuwa ndogo.

— Nilikuja kuwaambia wafute jina langu. Nimesimama mbele ya meza yao nikashindwa kusema. Nitaruka nini, mama? Kimo changu mwenyewe kimenishinda mwezi mzima. Wataniita, nitaangusha mara tatu, nitarudi. Si bora nirudi sasa?

— Nisikilize. Hakijakushinda.

— Usinibembeleze.

— Sikubembelezi. Ile alama ya ukutani ilipandishwa. Mjomba wako aliipandisha, na fundi akaipandisha, na babu Breki akaipandisha mara mbili, kila mtu kwa siri yake. Ndiyo kwanza nimejua sasa hivi. Kimo chako hujakiangusha hata siku moja, kwa sababu hukuwa unaruka kimo chako. Ulikuwa unaruka cha juu yake.

Mama Birika akaitazama simu kama imekatika.

— Waliipandisha kiasi gani?

Mama Birika aligeuza uso. Wote watatu walikuwa wamelisikia swali, maana sauti ya binti safari hii ilitoka kwa nguvu.

— Anauliza mlipandisha kiasi gani.

— Kidole kimoja, alisema Jenerali. Au viwili. Vyangu.

— Wewe, Futi. Wewe una utepe shingoni.

Fundi aliushika ule utepe, akauachia.

— Sikupima. Niliona nikipima itakuwa ni kumdanganya hasa.

— Breki?

— Kulikuwa na giza, mama.

— Kuna alama yenyewe, akasema mwalimu haraka. Twendeni tukaipime hapo ukutani.

— Niliifuta jana jioni, alisema Jenerali, akitazama kandambili zake. Ili asiione akaingiwa na mawazo.

Mama Birika akarudisha simu sikioni.

— Hawajui, mwanangu.

— Hata mmoja?

— Hata mmoja.

Akasikia pumzi ya mtoto wake, ikiingia na kutoka, halafu sauti fulani ambayo hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio. Alitaka kuuliza, akajizuia. Alitaka kusema, anza chini, kula ndizi, kaza kamba za viatu, akajizuia kwa kuuma mdomo.

— Kwa hiyo hakuna mtu anayejua naweza kuruka kiasi gani, binti alisema. Hata mimi.

— Hakuna.

— Ngoja, wananiita mezani.

Simu haikukatwa, ilishushwa tu. Mama Birika aliibana sikioni mpaka ikamuuma. Alisikia sauti ya mwanamume ikiuliza kitu, ya mtu aliyeuliza hivyohivyo wengi kabla yake. Alisikia sauti ya binti yake ikijibu. Lilikuwa jibu fupi, na hakusita, lakini kipaza sauti kilipiga kelele wakati huohuo na lile neno likamponyoka.

— Mama?

— Nipo.

— Nimewaambia. Njoo uangalie. Na hao ukitaka waje, waje, lakini wakae kimya.

Akakata.

Benchi zima lilikuwa limeinama upande wake.

— Ameandika kimo gani? aliuliza Jenerali.

— Sijui.

— Hukumuuliza?

— Sikumuuliza.

— Lakini dada, kura si ilikwisha...

Alimtazama, naye akalimeza lililobaki. Mama Birika aliondoa birika, akamwagia mkaa maji, akalisukuma jiko ukutani mvuke ukiwa bado unatoka. Akapanda gari, kiti cha mbele, pembeni ya mwalimu. Wazee wawili na Jenerali walibaki wamesimama kando ya mlango wa nyuma wa gari, mikono imening'inia, hakuna anayejua kama ameruhusiwa.

— Pandeni, alisema bila kugeuka. Atakayefungua mdomo atashukia njiani.

Walipanda. Hakuna aliyesema neno, si Futi, si Breki, wala Jenerali ambaye dada yake hakumbuki lini aliwahi kunyamaza. Mama Birika alikaa mbele ameshika simu kwa mikono miwili, hajui mtoto wake anaanzia wapi.